Hulka ya Mfanyakazi na Uamuzi wa Kuacha Kazi

Watu wawili huajiriwa siku moja, katika idara moja, kwa mshahara mmoja na chini ya msimamizi mmoja. Kabla ya mwaka kwisha mmoja wao amekwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Mwenziwe hukaa papo hapo hata akastaafu. Wote wawili walipata joto lile lile la karakana, mishahara ile ile iliyochelewa na maneno yale yale makali ya mkubwa wa kazi. Ni kitu gani basi kilichowatenga?

Jibu la haraka, linalosikika mitaani na hata katika ofisi za waajiri, ni kwamba tofauti imo katika tabia: huyu ni mvumilivu, yule ni mtu wa kuhangaika. Wahenga nao walikwisha kusema kuwa mchagua jembe si mkulima. Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jibu hilo kwa zaidi ya nusu karne. Wameona kwamba lina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani, tena una sura ambayo haikutazamiwa. Jambo hili lawahusu sana vijana wanaokaribia kumaliza shule, kwa sababu wengi wao watapimwa tabia kabla ya kupewa kazi, na baadhi yao watahukumiwa kwa tabia baada ya kuiacha.

Mambo yaliyo nje ya mtu

Yafaa kuanza na yale ambayo hayatokani na hulka ya mfanyakazi. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Ford, kilichokuwa Highland Park katika jimbo la Michigan, Marekani, kilikuwa na tatizo kubwa la watu kuacha kazi. Kiwango cha kuondoka kilifikia asilimia 370 kwa mwaka; maana yake ni kwamba ili kuwa na wafanyakazi 100 wakati wote, ilibidi waajiriwe watu wapatao 370 katika mwaka mmoja. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimeanza utaratibu mpya wa kuunganisha magari, ambapo kila mtu husimama mahali pamoja akirudia kitendo kimoja kutwa nzima.

Mnamo Januari 1914 kampuni ilitangaza malipo ya dola 5 kwa siku kwa wafanyakazi waliotimiza masharti yake, badala ya dola 2.34 za awali, na ikapunguza saa za kazi kutoka 9 hadi 8. Kiwango cha kuondoka kilishuka hadi asilimia 54 mwaka 1914, na asilimia 16 mwaka 1915. Ni vigumu kuamini kwamba katika miaka miwili wenyeji wa mji ule walibadilika tabia. Kilichobadilika ni ujira na saa za kazi.

Fundisho kama hilo laonekana katika takwimu za karibuni zaidi. Serikali ya Marekani huhesabu kila mwezi idadi ya watu wanaoacha kazi kwa hiari yao. Mwaka 2009, ajira zilipokuwa haba kutokana na mtikisiko wa uchumi, kiwango hicho kilishuka hadi karibu asilimia 1.2 ya wafanyakazi kwa mwezi. Mwishoni mwa mwaka 2021, waajiri walipokuwa wakigombea watu, kilipanda hadi asilimia 3. Hulka ya taifa zima haigeuki namna hiyo katika miaka 12.

Hali hii ilielezwa mapema na wataalamu James March na Herbert Simon katika kitabu chao cha mwaka 1958 kuhusu mashirika. Walisema kwamba uamuzi wa kuondoka hutegemea maswali mawili: je, mtu anatamani kuondoka? Na je, ni rahisi kwake kuondoka? Mtu aweza kuichukia kazi yake kila siku na asiiache, kwa kuwa hana pengine pa kwenda.

Maana ya hulka

Hulka, kwa maana ya kisayansi, ni mwelekeo wa kudumu wa mtu katika kufikiri, kuhisi na kutenda. Hasira ya siku moja si hulka. Mwelekeo wa kukasirika upesi, unaoonekana nyumbani, kazini na safarini mwaka baada ya mwaka, ndio hulka.

Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipitia kamusi kubwa ya Kiingereza wakachambua maneno karibu 18,000 yanayoeleza watu walivyo na jinsi wanavyotofautiana. Wachunguzi waliowafuata waliyapunguza kwa kutazama ni maneno gani huenda pamoja. Kwa mfano, mtu anayesemwa kuwa nadhifu kwa kawaida husemwa pia kuwa mwenye mpango. Kazi hiyo ya miaka mingi ilifikia makundi makuu matano, ambayo hutumika katika uchunguzi mwingi hadi leo.

La kwanza ni utulivu wa moyo, ambao kinyume chake ni wasiwasi na kuchukizwa upesi. La pili ni uangalifu, yaani bidii, mpango na kutimiza ahadi. La tatu ni upole katika kuishi na watu, pamoja na kuaminiana na kusaidiana. La nne ni uchangamfu, yaani kupenda mkusanyiko na shughuli. La tano ni udadisi, au kupenda mambo mapya. Hakuna mtu aliye wa kundi moja peke yake. Kila mtu ana kiasi fulani cha kila sifa, kama vile kila mtu alivyo na kimo na uzito.

Njia tatu za hulka

Hulka huufikia uamuzi wa kuacha kazi kwa njia tatu zilizo wazi.

Njia ya kwanza ni kuridhika. Msimamizi akisema, "Kazi hii irudie," mtu mwenye utulivu husikia agizo, ilhali mwenye wasiwasi husikia dharau. Kazi ni ile ile, lakini kazi wanayoihisi wao ni mbili. Mwaka 1985 Barry Staw na Jerry Ross walichunguza takwimu za wanaume wa Marekani zilizokusanywa katika muda wa miaka mitano. Waliona kwamba waliokuwa wakiridhika na kazi mwanzoni walielekea kuridhika hata baadaye, ijapokuwa baadhi yao walikuwa wamebadili mwajiri na hata aina ya kazi. Mwaka 1989 Richard Arvey na wenzake walichunguza jozi 34 za mapacha wa kufanana waliotenganishwa tangu utotoni na kulelewa katika nyumba mbalimbali. Walikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya tofauti za kuridhika na kazi zaweza kuhusishwa na urithi. Kwa hiyo sehemu ya manung'uniko ya mtu husafiri naye kila aendako. Lakini asilimia 70 iliyosalia haikutokana na urithi, na humo ndimo yalimo mazingira ya kazi.

Njia ya pili ni utendaji. Mtu mwangalifu kwa kawaida hufanya kazi vizuri zaidi, hupandishwa cheo na kuongezwa mshahara, na kila nyongeza humpa sababu ya kukaa. Asiye mwangalifu hukaripiwa, hunyimwa cheo, na mwishowe huondoka au huondolewa. Hata hivyo njia hii ina mpindo wake: mfanyakazi aliye hodari kupita wenziwe huweza kuwa mwepesi wa kuondoka, kwa sababu waajiri wengine humwita.

Njia ya tatu hufika moja kwa moja kwenye uamuzi, pasipo kupitia kuridhika wala utendaji. Mtu mwangalifu huona mkataba kuwa deni, akasita kuuvunja hata anapochukia kazi. Mtu mpole huwa amefungamana na wenziwe, na kuwaacha humwia vigumu. Mtu mdadisi huweza kuondoka katika kazi njema, isiyo na kosa lolote, kwa kuwa amesikia habari ya nyingine asiyoijua.

Kutaka kuacha na kuacha ni mambo mawili

Mwaka 2008 mtaalamu wa Marekani, Ryan Zimmerman, alitoa uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizofanywa kabla yake. Uchambuzi wa namna hii una nguvu kuliko utafiti mmoja, kwa kuwa makosa ya bahati yaliyomo katika utafiti mmoja hupunguzwa na wingi wa tafiti nyingine. Zimmerman alitenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: nia ya kuacha kazi, na tendo lenyewe la kuiacha.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Sifa iliyohusiana zaidi na nia ya kuacha ilikuwa utulivu wa moyo: kadiri mtu alivyopungukiwa na utulivu, ndivyo alivyozidi kufikiria kuondoka. Lakini lilipotazamwa tendo lenyewe, sifa zilizotangulia zilikuwa nyingine, nazo ni upole na uangalifu. Waliokuwa na kiasi kidogo cha sifa hizo ndio walioelekea zaidi kuondoka kweli. Kwa maneno mengine, anayesema kila Jumatatu kwamba ataacha kazi si lazima awe ndiye atakayeiacha. Wasiwasi humfanya mtu aitamani njia ya kutoka. Lakini wasiwasi huo huo huweza kumfanya aiogope.

Uchambuzi huo ulionyesha pia kwamba hulka ilihusiana na kuondoka hata baada ya kuridhika na utendaji kuzingatiwa. Hiyo ndiyo njia ya tatu iliyokwisha kutajwa. Watu wenye upole mdogo na wale wenye udadisi mwingi walielekea kuondoka bila ya kupanga kwa muda mrefu: wa kwanza yamkini kwa ugomvi, wa pili kwa mvuto wa jambo jipya. Mwajiri anayengoja kusikia manung'uniko ndipo achukue hatua, hatawasikia watu hawa kabla hawajaondoka.

Wapo pia wanaohamahama mara kwa mara pasipo sababu iliyo dhahiri. Mwaka 1974 Edwin Ghiselli, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, aliueleza mwelekeo huo kuwa ni msukumo wa ndani, akaufananisha na ule unaowafanya ndege kuhama kwa majira. Mwaka 1995 Timothy Judge na Shinichi Watanabe walilipima wazo hilo kwa takwimu, wakaona kwamba idadi ya kazi alizokwisha kuacha mtu zamani husaidia kubashiri kama ataacha tena. Lakini hapa yatakiwa tahadhari. Mtu aweza kuwa ameacha kazi nne kwa sababu ya hulka. Aweza pia kuwa ameziacha kwa kuwa zote nne zilikuwa za kibarua cha muda mfupi.

Mishtuko na mizizi

Maelezo haya yote huchukulia kwamba mtu hupima mambo polepole. Mwaka 1994 Thomas Lee na Terence Mitchell walionyesha kwamba uamuzi mwingi huanzishwa na tukio moja linalomshtua mtu na kumfanya afikiri upya: barua ya kazi nyingine ambayo hakuiomba, ugomvi, ujauzito, au uhamisho wa mwenzi wake wa ndoa. Tukio hilo laweza kuwa baya au jema, na mtu aweza kuondoka ilhali anaipenda kazi yake.

Mwaka 2001 Mitchell na wenzake waligeuza swali. Badala ya kuuliza kwa nini watu huondoka, waliuliza kwa nini hukaa. Katika uchunguzi wao miongoni mwa wafanyakazi wa maduka ya vyakula na wa hospitali nchini Marekani, walitaja mambo matatu yanayomshikilia mtu kama mizizi inavyoushikilia mti: vifungo alivyo navyo na watu kazini na mtaani, jinsi anavyopatana na kazi na mahali anapoishi, na yale atakayoyapoteza akiondoka. Mizizi hiyo ni mchanganyiko wa hulka na hali. Mtu mpole hupata marafiki upesi. Lakini hata mpole hawezi kupata mizizi mahali ambapo hana nyumba wala familia.

Hesabu ya kubashiri

Swali kubwa kwa mwajiri ni hili: je, vipimo vya hulka vyaweza kumwonyesha nani atakaa na nani ataondoka? Uhusiano wa mambo mawili hupimwa kwa namba inayoanzia 0, pasipo na uhusiano, hadi 1, penye uhusiano kamili. Kati ya hulka na kuacha kazi, namba hiyo kwa kawaida huwa ndogo. Na ichukuliwe kuwa ni 0.2.

Mfano ufuatao umebuniwa ili kurahisisha hesabu. Wapo waombaji kazi 200. Kipimo kimewagawa katika makundi mawili sawa: 100 wenye uangalifu mwingi na 100 wenye uangalifu mdogo. Iwapo wote wangeajiriwa, nusu yao, yaani 100, wangeacha kazi katika miaka miwili. Uhusiano wa 0.2 maana yake ni kwamba katika kundi la uangalifu mdogo wangeondoka 60, na katika kundi la uangalifu mwingi wangeondoka 40.

Mwajiri akilikataa kundi la kwanza lote, amepata faida: badala ya kuondokewa na watu 50 katika kila 100, ataondokewa na 40. Katika kampuni kubwa faida hiyo si ndogo. Lakini yafaa hesabu itazamwe upande wa pili pia. Katika wale 100 aliowakataa, 40 wangekaa naye. Amewanyima kazi kwa kosa ambalo wasingelitenda. Katika wale 100 aliowakubali, 40 watamwacha. Kwa hiyo kipimo hicho kimekosea kwa watu 80 kati ya 200. Namba inayofaa kueleza kundi haifai kumhukumu mtu mmoja, na tofauti hii ni miongoni mwa mafundisho makubwa ya takwimu.

Aidha, kipimo chenyewe chaweza kuwa na kasoro. Maswali mengi ya hulka yalitungwa Marekani na Ulaya, yakajaribiwa kwa watu waliosoma sana. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao miongoni mwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia. Yale makundi matano hayakujitokeza kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichambua majibu ya watu zaidi ya 90,000 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwa mojawapo. Waliona kwamba maswali yale, yanapoulizwa ana kwa ana, mara nyingi hayapimi sifa yaliyokusudiwa kuipima. Sababu mojawapo ni kwamba watu wengi huelekea kukubali kila waulizwalo. Anayejibu "ndiyo" kwa swali "Je, wewe ni mwangalifu?" na "ndiyo" tena kwa swali "Je, wewe ni mzembe?" hakupimwa hulka.

Onyo kutoka Afrika ya Mashariki

Historia ya nchi zetu ina mfano wa hatari ya kuyaweka mambo yote katika tabia. Wakati wa ukoloni waajiri wengi walilalamika kwamba Mwafrika hakai kazini. Walisema kuwa ni mvivu, au kwamba hufanya kazi hadi apate fedha za kodi au za haja fulani, kisha hurudi kwao. Katika Kenya, kuanzia miaka ya 1919 na 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi, iliyowekwa ndani ya kibati na kuvaliwa shingoni. Aliyeondoka pasipo mwajiri kumwandikia ruhusa alihesabiwa kuwa mtoro, na aliweza kushitakiwa. Kuacha kazi kulifanywa kuwa jinai.

Walipochunguza wataalamu, sura nyingine ilionekana. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika nchini Kenya, chini ya uenyekiti wa F. W. Carpenter, iliunganisha kuhamahama kwa wafanyakazi na mishahara iliyokadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na familia. Ikapendekeza mishahara iongezwe hatua kwa hatua hadi imtoshe mtu na watu wake. Mwaka 1960 Walter Elkan, katika kitabu chake kuhusu wafanyakazi wa mijini nchini Uganda, alionyesha kwamba kurudi nyumbani kulikuwa na hesabu yake: shamba la kijijini lilikuwa chakula cha familia na kinga ya uzee, na mshahara wa mjini haukuweza kulifidia. Kile kilichoitwa tabia ya Mwafrika kilikuwa jibu la akili timamu kwa hali iliyokuwapo.

Kosa la waajiri hao halikuwa kusema kwamba watu hutofautiana kwa hulka, kwani hilo ni kweli. Kosa lao lilikuwa kutumia hulka kueleza jambo lililowapata karibu wote. Hulka huweza kueleza kwa nini huyu ameondoka na yule amebaki wakiwa mahali pamoja. Pale ambapo wengi wanaondoka kwa pamoja, la kuchunguzwa kwanza ni mahali penyewe.

Manufaa kwa mwalimu na mwanafunzi

Mwalimu anayewashauri vijana kuhusu kazi aweza kutumia elimu hii kwa njia mbili. Kwanza, kijana akijua hulka yake aweza kujikinga nayo. Anayejijua kuwa mwepesi wa kuchukizwa afadhali asiandike barua ya kuacha kazi siku ile ya ugomvi. Na aingoje wiki ipite, kisha ajiulize kama sababu ingalipo. Mdadisi na atafute kazi yenye mambo mapya ndani yake, ili asilazimike kuyafuata nje. Mwenye wasiwasi na ajiulize pia swali la kinyume: je, anakaa katika kazi inayomdhuru kwa sababu tu anaogopa kutoka? Kukaa kazini si ushahidi wa hulka njema, kama vile kuondoka si ushahidi wa hulka mbaya.

Pili, darasa laweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la uchunguzi. Wanafunzi na wawaulize watu wazima kumi wa mtaani mwao, kwa idhini yao na pasipo kuandika majina, kwa nini waliacha kazi waliyoiacha mwisho. Kisha majibu yagawanywe katika mafungu matatu: yanayotokana na kazi yenyewe, yanayotokana na tukio la ghafla, na yanayotokana na mtu mwenyewe. Baada ya hapo darasa lijadili ni jibu lipi ambalo mwajiri wa mtu huyo angelitoa, na kwa nini majibu hayo mawili huenda yasilingane.